Picha ya Ishirini na Saba

4 Machi

Mama,

Barua yako imefika Jumanne, imekunjika kona lakini yote inasomeka. Pole sana kwa msiba wa yule bibi uliyekuwa unamtunza. Miaka tisa si mchezo. Mama mkubwa aliisoma mara mbili, akanipa, akasema swali ni la kwangu na jibu ni la kwangu, akaenda zake kuanua nguo.

Umeuliza mimi nasemaje. Kwamba binti wa marehemu anataka uhamie kwake umtunze mama mkwe wake, miaka mitatu mingine, na sahihi uweke kabla mwezi wa nne haujaisha. Au ukatae, urudi nyumbani moja kwa moja. Mama, mimi nasema fanya unavyoona mwenyewe. Sitaki niseme hiki halafu uje ujute.

Samahani kwa simu ya Jumapili. Najua uliningoja niongee. Nikishika simu maneno yanasukumana mlangoni, halitoki hata moja. Kuandika afadhali, nikikosea nafuta. Niliishia darasa la tano kwa hiyo makosa utayavumilia.

Bado niko kwa fundi wa fremu. Wenzangu wawili pale wananiita Redio, kwa sababu siongei. Fundi mkubwa anasema ni redio ambayo betri zimekwisha tangu dukani. Mimi nakata kioo na kubana kona. Kona ndiyo kazi yenyewe. Mbao mbili usipozikata mshazari sawasawa, hata umwage gundi kopo zima, mwanya utakucheka.

Wiki hii tumepata kazi kubwa. Kuna Daktari mmoja wa chuoni, mwanamke, kaleta picha thelathini na mbili tuzitie fremu, halafu twende tukazitundike kwenye korido ya jengo lao. Mama mkubwa aliposikia daktari akataka nimuulizie habari za goti lake. Nikamwambia huyu ni wa nyota. Akasema basi ana bahati, wagonjwa wake hawamsumbui.

Picha zenyewe ni za vitu vinaitwa galaksi. Ni nyota nyingi mno, mabilioni, zimekaa pamoja kama mji, na huo mji unazunguka. Nyingine ina mikono imejikunja kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki. Nyingine ni duara tu, nyekundu kidogo, imetulia. Nyingine imechanikachanika huwezi kusema ina kichwa wala miguu. Nafuta vioo polepole makusudi nizitazame.

Ni mimi mwanao.


18 Machi

Mwanangu,

Nimekusoma, na unaandika vizuri kuliko unavyojidharau. Nimecheka peke yangu kwa hiyo Redio. Mwambie fundi wako hata redio nzima huweza kuachwa kabatini, watu wakasahau tu kuiwasha.

Kitanda cha bibi wamekitoa jana. Kwenye zulia zimebaki alama nne za miguu yake, zimezama. Nimepiga brashi, hazitoki. Mimi bado nalala kwenye kichumba changu nyuma ya jiko, nasubiri.

Umesema nifanye ninavyoona. Sawa. Sikulaumu. Nilikuuliza kwa sababu nilipokuja ile mara moja sikukuuliza kitu. Ulikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa nimekuacha na mitano, na nilikaa siku ishirini tu. Siku ya kuondoka ukajificha. Gari lilipiga honi, nikakuita uani, nikakuita barabarani, majirani nao wakakuita. Hukutoka. Nikasema moyoni, huyu mtoto keshanijibu. Ndiyo maana sikuja tena. Nilisema kuliko kwenda kumlazimisha mtoto wa watu anipende, bora nimtumie nguo.

Mtoto wa watu, nimeandika hivyo. Naacha, sitafuta.

Haya tuyaweke pembeni. Niambie zaidi habari za hizo galaksi. Huku hakuna mtu wa kunisimulia kitu siku hizi, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu likipumua.

Mama yako.


1 Aprili

Mama,

Lile la kujificha nimelisoma. Nitalijibu, si leo.

Leo nikuambie nilivyoharibu kazi. Nyuma ya kila picha palikuwa na karatasi ndogo ya maelezo, na mimi nilizibandua zote maana gundi yake ingechafua kadibodi. Nikazitia kwenye bahasha moja bila kuandika ipi ni ya ipi. Fundi mkubwa alipogundua alivua miwani akanitazama, akavaa, akanitazama tena. Tulikuwa tumeshafika koridoni na ngazi na misumari, Daktari yuko mkutanoni, hatuna la kufanya. Akaniambia, wewe ndiye uliyezikodolea macho wiki nzima, zitundike unavyojua.

Basi nikazitundika kama tunavyotundika watoto wa watu. Kuna mteja wetu huwa anampiga picha mtoto wake kila mwaka, mwaka huu tumemtilia fremu ya kumi na tatu, nami hata mama wa mtoto asipokuwepo naweza kuzipanga. Nikafanya vilevile. Vile vidogo vya buluu vilivyochanika nikaviweka mwanzo, huyo ndiye mtoto mchanga. Zikafuata zilizoanza kujikunja mikono. Halafu zenye mikono mizuri iliyoiva. Mwisho zile za duara nyekundu, wazee, hawana tena haraka. Picha thelathini na mbili za galaksi moja ikikua. Nilirudi nyuma nikaona vizuri kabisa, hadi nikatamani mtu apite niongee naye.

Daktari akaja, akatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi. Hakunigombeza. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kwa nini nimezipanga hivi, na mimi Mama nikaongea, sijui ilikuwaje, nikamweleza habari za yule mtoto wa fremu kumi na tatu.

Akakaa juu ya ngazi yetu. Akasema kosa langu ni moja tu, kwamba hii si galaksi moja. Ni thelathini na mbili tofauti, hazijuani. Hakuna mtu amewahi kuiona galaksi moja ikikua, maana inachukua miaka mabilioni, na tangu watu waanze kutazama, hazijabadilika hata kidogo machoni petu. Ila mwanga una safari. Ya mbali sana, mwanga wake uliondoka huko zamani mno, kwa hiyo unaiona ilivyokuwa ingali mtoto. Ya karibu unaiona ilivyo karibu na sasa. Basi wao huchukua mtoto wa huku, kijana wa kule, mzee wa pale, wakaunganisha wakapata maisha. Akasema ndivyo nilivyofanya mimi, isipokuwa wao walianza kwa kupima umbali nami nimeanza kwa sura, na sura si umri. Kuna za karibu ambazo hadi leo zimechanika, na kuna wazee wa mbali waliozeeka mapema. Picha sita akanihamishia. Sita tu, Mama.

Iko moja niliyoipenda kuliko zote, niliiweka ya ishirini na saba. Ni galaksi mbili, kubwa na ndogo, katikati yao kuna uzi wa nyota umevutika mrefu. Kwangu hiyo ni pale mtoto anapoachana na mama yake. Unaona kabisa inauma, lakini ndiyo kukua kwenyewe, kila mtu ashike njia yake. Hiyo Daktari hakuihamisha. Alikuwa ameitwa kabla hajaifikia.

Ni mimi mwanao.


14 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya zulia, pale palipokuwa na kitanda cha bibi. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako mkubwa, maana angenicheka. Wewe hutacheka, maana na wewe umefanya.

Nilipokuacha na miaka mitano nilikuwa nimeshika urefu wako hapa, kwenye nyonga yangu. Mwaka uliofuata nikataka kukununulia suruali, nikagundua sijui umefika wapi. Picha ulizokuwa unapigwa umekaa daima, huyo dada yangu na viti vyake. Nikaanza kutazama watoto. Ulipofika miaka saba nilikuwa na mtoto wa muuza matunda wa kona yetu, mwenye mapengo mawili. Ulipofika tisa nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akipita dirishani akienda shule, anaburuta mkoba chini. Nilimtazama mwaka mzima. Siku alipovuka barabara bila kuangalia nilipiga kelele dirishani, mama yake akadhani nina wazimu. Ulipovunja sauti nilikusikia kwa mtoto wa fundi bomba, aliyekuja na baba yake kuziba bomba la jikoni. Aliniomba maji, na ile sauti ikakatika katikati, kama kuku. Akaona haya. Nami nikaingia kwenye kichumba changu nikalia, nikasema, basi na wangu sasa anaongea hivi.

Nimekulea hivyo, kwa vipande vya watoto wa wenzangu. Ndiyo maana nguo zilikuwa hazikukai. Shati la mikono mirefu lile lililokufika magotini lilikuwa la yule wa mkoba, alikuwa mrefu kweli.

Sasa nimemaliza ujinga wangu, nijibu lako. Picha ya ishirini na saba nimeielewa. Nashukuru umenijibu kwa upole, bila kunitaja. Una haki. Una miaka ishirini na mbili, una kazi mikononi, umelelewa na mtu aliyekuwepo. Mama na mwana kila mmoja ashike njia yake, umesema vizuri. Tarehe thelathini binti wa marehemu atakuja na karatasi, nitaweka sahihi. Usijisikie vibaya. Miaka mitatu si mingi kwa mtu aliyemaliza kumi na saba.

Kula vizuri. Vioo vaa glavu.

Mama yako.


27 Aprili

Mama,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Imebaki siku tatu na hii haitakufikia kwa siku tatu, najua, lakini naandika hivyohivyo.

Nimemwomba Mama mkubwa akupigie. Akakataa. Akaniambia, "Miaka yote hii nimekusemea dukani, nimekusemea shuleni. Hili sikusemei." Akanipa simu yake mkononi akatoka nje. Nikapiga. Ukasema haloo mara nne. Ni mimi, Mama. Nilikuwa nimelifungua domo, halikutoka kitu. Samahani.

Sikiliza. Ile picha sikuwa nakujibu wewe. Nilikuwa nasimulia tu picha, nilikuwa na furaha ya kazi. Na nilikosea. Jumatatu iliyopita nilirudi koridoni kukaza misumari, Daktari akapita, nikamuuliza habari ya hizo mbili. Akaniambia nimepatia nusu. Kweli kwa sasa zinatengana kidogo. Lakini hazikuwa pamoja zikaachana. Zilitoka mbali, kila moja kwake, zikavutana zikapitana katikati, na ule uzi mrefu ndio zilivyochanana kwenye kupitana. Mara ya kwanza huwa ni hivyo. Zinakuja na mwendo mkubwa, zinapitiliza. Halafu akasema neno ambalo nimelishika kama lilivyo: "Hizi hazina mwendo wa kutosha kukimbiana. Zitarudi."

Zikirudi zinapitana tena, safari hii kwa karibu zaidi, tena na tena, mpaka zinatulia zinakuwa moja. Nikamuuliza zikipitana hivyo nyota hazivunjani? Akasema karibu hakuna hata moja inayogonga nyingine, nafasi kati yao ni kubwa mno. Ule moshi wao tu ndio unaogongana, na hapo nyota mpya zinawaka.

Sasa lile la kujificha.

Nilikuwa juu ya paa, nyuma ya tangi la maji. Nilikusikia kila ulivyoniita. Mama mkubwa alikuwa akisema msafiri hatoki bila kuaga nyumba nzima, ni mkosi. Mimi nikashika hilo. Nikajua ukinikosa huwezi kuaga, na usipoaga huwezi kuondoka, kwa hiyo kazi yangu ni kutoonekana tu. Ulikuwa umevaa gauni la kijani na begi lako limefungwa kamba. Ulirudi ndani mara mbili. Mara ya pili nilifurahi, nikajua nimeshinda. Halafu gari likaondoka. Nikakaa palepale mpaka mchana nikisubiri ushuke uje kuaga.

Miaka kumi na moja umefikiri nilikataa kukuona. Nami miaka kumi na moja nimefikiri uliondoka bila kuaga kwa sababu sikuwa wa kuagwa. Hatukuulizana.

Umeniuliza nasemaje. Nasema rudi. Ningekuwa na ulimi ningekuwa nimeshasema tangu mwezi wa tatu. Kama umeshaweka sahihi, nitakusubiri miaka mitatu na sitasema kitu, hilo naliweza. Lakini ujue nilitaka urudi.

Ni mimi mwanao.


9 Mei

Mwanangu,

Nilijua ni wewe. Nani mwingine duniani ananipigia simu anyamaze dakika nzima? Wadai huongea. Nilisikia pumzi, nikasikia dada yangu kwa mbali akimfukuza kuku. Nikasema haloo ya tatu na ya nne ili tu usikate.

Miaka kumi na saba mimi ndiye ninayepiga. Hukuwahi kunipigia hata mara moja. Tarehe thelathini binti wa marehemu alikuja na karatasi, akaniwekea na kalamu juu. Nikaishika. Halafu nikamwambia kuna kitu mwanangu alitaka kuniambia juzi hakikutoka, na huyo, ninavyomjua, atakuwa ameandika. Akauliza kitu gani. Nikamwambia sijui, lakini siweki sahihi mpaka kifike. Alikasirika. Akanipa siku kumi, akasema siku ya kumi na moja anatafuta mwingine.

Kila asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya mtu wa posta. Siku ya tano akaniuliza kama nasubiri hukumu. Nikamwambia ndiyo.

Imefika jana, siku ya nane. Sikuweza kuimaliza nimesimama. Ile ya paa, mwanangu, nimeisoma. Nilirudi ndani mara mbili, ni kweli. Mara ya pili nilitazama hata chini ya kitanda. Juu sikutazama.

Karatasi nimeirudisha ikiwa nyeupe. Nimewaomba radhi. Wameniomba nibaki mpaka mwingine apatikane na nimfundishe kazi. Mwezi wa nane nitakuwa nyumbani. Mwambie dada yangu asipike mengi, na asiite majirani.

Naogopa kidogo. Wale watoto wote niliokuwa nao nimewaacha kwenye madirisha yao. Nikifika nitakukuta wewe tu, na wewe sikujui.

Mama yako.


16 Agosti, Jumapili mchana, chumbani kwangu

Mama,

Naipitisha hii chini ya mlango wako. Najua ni ujinga, kati yetu pana ukuta mmoja na nakohoa nikisikia ukikohoa. Mama mkubwa kaenda kwa jirani, makusudi nadhani. Alipotoka alisema katika nyumba hii sasa kuna mabubu wawili na yeye amechoka kuwa mkalimani.

Leo siku ya nne. Tumeshasema shikamoo, marahaba, chai tayari, ahsante. Juzi tulikutana koridoni, ukasogea kulia nami kulia, ukaenda kushoto nami kushoto, tukaishia kila mtu kurudi chumbani kwake.

Nimekuwa nikikutazama. Samahani, macho ndiyo ninayo. Unabisha hodi kabla ya kuingia jikoni. Jana uliniomba ruhusa kufungua jokofu. Taulo lako hulitundiki na yetu, unalikunja unarudi nalo chumbani. Sahani yako unaiosha kabla hujameza tonge la mwisho. Begi bado hujalifungua, unatoa nguo mojamoja kupitia zipu. Umekaa kama mtu anayejua wenye nyumba watarudi.

Mama, wenye nyumba ni sisi. Hakuna mwingine anayekuja. Nilikuwa nataka nikuambie hilo tangu Alhamisi, nimefika mlangoni kwako mara tatu.

Sijui kuwa na mama wa karibu, nakuambia ukweli. Wa mbali ninamjua vizuri, ananichekesha. Wewe bado nakusoma. Naomba usichoke kabla sijamaliza.

Ni mimi mwanao.


16 Agosti, mchana huohuo

Mwanangu,

Naandika nyuma ya karatasi yako kwa sababu yangu imo begini, na begi nimeshalimwaga lote kitandani, sijui nini kiko wapi.

Hizo mara tatu nilisikia miguu yako. Nilikuwa upande huu nimeshika kitasa. Mara zote tatu.

Mimi nina miaka hamsini na moja na wewe ishirini na mbili, hatuna mabilioni. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho. Yaliyobaki nitakuambia kwa mdomo, na wewe ukishindwa kujibu nyamaza, nitakuwa naona uso wako. Weka kalamu chini ufungue. Nimesimama nje ya mlango wako na magoti yangu ni ya ukoo mmoja na ya dada yangu.

Mama yako.